Kuhamisha Breki ya Mkono Kwenye Pikapu ya Zamani

Pikapu nyingi za zamani zinazolala Kinindo, hapa Bujumbura, na kuamkia kazini Musaga, Kanyosha au kwenye barabara ya Rumonge zina breki ya mkono ya kuvuta: mpini mfupi chini ya dashibodi, kando ya usukani, unaouvuta kuja kwako na kuuzungusha ili uachie. Toyota Hilux nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zenye kiti kimoja kirefu zilitoka kiwandani hivyo, na pikapu za Datsun na Nissan za enzi hizo vilevile. Mpango huo ulikuwa na maana yake. Uliacha katikati pa gari pawe wazi, na abiria wa tatu akapata pa kuweka miguu.

Gari likishapita miaka thelathini, sababu za kutaka kuuhamisha mpini huo hujitokeza zenyewe. Ufito wenye meno ulio ndani yake umelika: ukivuta unashika, ukigeuza mgongo unaponyoka. Au dereva ana bega bovu na hawezi kuvuta kitu akiwa amenyoosha mkono mbele. Au kiti kirefu kilishatolewa zamani, vikawekwa viti viwili vya gari jingine, na nafasi ya katikati haina kazi. Ongeza foleni za mafuta ambazo Bujumbura imezizoea miaka hii: injini inazimwa, gari linasukumwa hatua chache, breki inavutwa, linasukumwa tena, inavutwa tena. Mpini mbovu humchosha mtu kabla hajaifikia pampu.

Kazi hii inawezekana, na ikifanywa kwa akili gari huwa salama kuliko lilivyokuwa. Kosa linaloiharibu ni moja. Mtu anahamisha mkono bila kupima kebo inavutwa kwa urefu gani. Mkono mpya unakaa vizuri, meno yanalia, gari linasimama kwenye uwanja tambarare, kila mtu anaridhika. Siku likipakiwa viazi Ijenda na kuegeshwa mteremkoni, linaondoka lenyewe. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kipimo hicho, na mengine nitayapitia kwa kasi zaidi.

Anza nyuma, kwenye magurudumu

Kabla hujagusa mpini, hakikisha ubovu uko kwenye mpini kweli. Mara nyingi haupo hapo.

Fuata njia ya nguvu kwa macho ukiwa chini ya gari. Kutoka kwenye mpini, kebo ya kwanza inatoboa ukuta wa injini na kushuka chini ya sakafu. Inafika kwenye wenzo mdogo uliofungwa kwenye chesi. Nitauita wenzo wa kati. Wenzo huo unavuta kisawazishi, yaani kipande cha chuma kinachogawa mvuto sawasawa kwa kebo mbili, moja kwa gurudumu la nyuma kushoto na nyingine la kulia. Kwenye kila gurudumu, katika Hilux nyingi za zamani, hasa zile za magurudumu yote manne, kuna kikono cha chuma kilichofungwa kwenye sahani ya breki nyuma ya dramu. Kikono hicho hugeuza mvuto wa kebo na kuuingiza ndani ya dramu, ambako viatu vya breki hutanuliwa vikabana.

Kikono hicho ndicho mgonjwa wa kwanza kumpima. Kiko chini, kinarushiwa tope na maji, na mpira wake wa kukilinda hupasuka mapema. Kutu ikiingia kwenye pini yake, kikono hukwama. Kikikwama kikiwa kimelegea, breki haishiki. Kikikwama kikiwa kimevutwa, viatu vinasugua mchana kutwa na dramu linaungua. Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2021 na tena 2024, maji yaliingia mitaa ya Kibenga na Gatumba, na gari lililopita au kulala kwenye maji yale bila kufunguliwa breki baadaye lina kila sababu ya kuwa na vikono vilivyokwama. Chomoa pini, isugue kwa msasa mpaka ing'ae, paka grisi, weka mpira mpya. Kikono kinatakiwa kurudi chenyewe kwa springi, bila kusukumwa kwa bisibisi.

Ukiwa hapo, fungua madramu. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, inua kwa jeki, kisha shusha gari juu ya stendi za chuma. Ardhi ya Kinindo upande wa ziwani ni ya mchanga, kwa hiyo tandika ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, la sivyo zitazama zikiwa na gari juu yake. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Vumbi lililo ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa: viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa, kisha kitupe. Angalia kama viatu vimelowa mafuta ya difu au ya breki. Kiatu kilicholowa hakifai tena, hata ukikisugua. Kipimo cha mwisho cha dramu kimechongwa kwenye dramu lenyewe. Likizidi hapo, tafuta jingine.

Kuna jambo wenye Hilux wengi hawaambiwi. Kwenye gari hizi kirekebisha viatu vya nyuma hufanya kazi pale breki ya mkono inapovutwa. Kila ukivuta na kuachia, kama kiatu kimelika vya kutosha, gurudumu dogo la meno ndani ya dramu husogea jino moja na kukileta kiatu karibu. Dereva asiyetumia breki ya mkono kwa sababu mpini ni mbovu anaiacha breki yote ya nyuma ilegee, na baada ya muda pedali ya mguu nayo inakwenda chini sana. Kwa hiyo hii si kazi ya maegesho tu. Inagusa breki unayoikanyaga kila siku ukiteremka kutoka Bugarama.

Rekebisha viatu kwa kuzungusha gurudumu hilo la meno mpaka dramu lisugue kidogo, kisha rudisha hadi lizunguke huru. Fanya hivyo kebo ikiwa imelegezwa kabisa. Anayekaza kebo kwanza ili kuficha viatu vilivyolegea anakivuta kikono kutoka mahali pake pa kupumzikia, na kirekebisha hakitafanya kazi tena.

Sasa vuta mpini wa zamani. Ukishika vizuri, na sababu yako ya kuuhamisha ilikuwa udhaifu wake tu, umemaliza. Funga vifaa.

Nguvu na mwendo

Kama bado unataka kuhamisha, chukua rula, chaki na karatasi.

Mpini wa kuvuta hauna wenzo ndani yake. Ukiuvuta sentimita 12, kebo inasogea sentimita 12, na nguvu ya mkono wako inafika kwenye kebo ilivyo. Anayeongeza nguvu ni wenzo wa kati kule kwenye chesi. Tuseme unaizidisha mara tatu: mkono ukivuta kwa kilo 40, kisawazishi kinavutwa kwa kilo 120, na kinasogea sentimita 4 badala ya 12. Kilichoongezeka kwenye nguvu kimepungua kwenye mwendo.

Mkono wa kukaa katikati ya viti ni wenzo wenyewe. Pima mmoja mezani: kutoka mhimili wake hadi pale kiganja kinaposhika, sentimita 30, kutoka mhimili hadi tundu la kebo, sentimita 4.5. Nguvu inazidishwa mara 6.7. Ukiunyanyua nyuzi 60, kiganja kinasafiri sentimita 31 na kebo inasogea sentimita 4.7 tu.

Sasa tazama kinachotokea fundi anapoufunga mkono huu kwenye kebo ya zamani na kuacha kila kitu kingine kilivyo. Sentimita 4.7 zinaingia kwenye wenzo wa kati, zinagawanywa kwa tatu, na kisawazishi kinasogea sentimita 1.6. Kilikuwa kinasogea 4. Mkono utafika juu kabisa kabla viatu havijabana. Na yule anayeliona hilo hukimbilia kukaza nati ya kebo mpaka ishike, yaani anaanza na kebo iliyovutwa tayari, na tumeshaona hiyo inaharibu nini.

Kwa hiyo mkono wa katikati unataka wenzo wa kati uondolewe kwenye njia. Kebo mpya itoke kwenye mkono na kwenda moja kwa moja kwenye kisawazishi. Katika mfano wetu kisawazishi kitapata sentimita 4.7, zaidi kidogo ya zamani, na nguvu ya kilo 40 za mkono itafika ikiwa karibu kilo 270.

Namba za gari lako zitakuwa tofauti, na ndiyo maana ya chaki. Kabla hujafungua kitu, na viatu vikiwa vimesharekebishwa, chora mstari kwenye kisawazishi. Mwambie mwenzako avute mpini wa zamani mpaka gari lishike barabara, kisha pima mstari umesogea kiasi gani. Andika. Tuseme umepata milimita 25. Mkono utakaonunua lazima utoe hizo 25 ukiwa karibu nusu ya safari yake, ili nusu iliyobaki iwe akiba ya viatu kulika na kebo kunyooka. Ukikuta mkono unatoa mwendo mdogo, unaweza kuhamishia kebo kwenye tundu lililo mbali zaidi na mhimili: mwendo utaongezeka na nguvu itapungua. Ila usitoboe tundu jipya kwenye ukingo mwembamba wa chuma. Heri utafute mkono mwingine.

Kwa nini nguvu yote hii? Kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa kuhusu breki inataka breki ya kuegesha ilishike gari lililojaa mzigo kwenye mwinuko wa asilimia 18, likiwa limeelekea juu na likiwa limeelekea chini. Mvuto wa mkono usizidi niutoni 600 kwa gari la mizigo, ambazo ni kama kilo 60. Chukua Hilux yenye tani moja mgongoni, jumla tani 2.5. Kwenye mwinuko huo inavutwa kuteremka kwa nguvu ya kilo 440 hivi. Na kwa kuwa kipenyo cha tairi ni kikubwa kuliko cha dramu, viatu vya magurudumu mawili kwa pamoja vinabeba zaidi ya tani moja ya msuguano. Bati la sakafu la pikapu ya zamani si la kubeba mambo hayo bila msaada.

Mkono uupate wapi

Buyenzi kuna karakana na wauza spea zilizotumika, na mikono ya Probox, Carina na Corolla haikosekani. Mimi ningetafuta kwanza mkono wa pikapu au jipu yenye viti vilivyotengana, kwa sababu chuma chake ni kinene na umetengenezwa kwa gari zito. Ukikosa, mkono wa gari dogo unaweza kufaa kama hauna mchezo kwenye mhimili. Ushike mkononi kabla hujalipa: bonyeza kitufe, uuvute jino moja moja, na kila jino ujaribu kuusukuma urudi bila kubonyeza. Likiteleza hata jino moja, uache. Tazama meno kwenye mwanga. Ncha zikiwa za mviringo na zinang'aa, umeshalika. Nunua pamoja na swichi yake ndogo ya taa, na kipande cha kebo chenye kichwa chake.

Zipo njia nyingine ambazo mafundi hupendekeza. Breki ya kuegesha ya mguu, kama ile ya baadhi ya Toyota za otomatiki, usiikubali kwenye gari la klachi: kuondoka mlimani kunataka mguu mmoja kwenye klachi na mwingine kwenye mafuta, na breki ibaki mkononi. Vali ya kufungia mafuta ya breki ndani ya mabomba nayo si ya kuegeshea gari, kwa sababu mafuta huvuja polepole na shinikizo hushuka usiku ukiwa umelala.

Mahali pa kuuweka

Keti kama unavyoketi ukiendesha, mkanda umefungwa, mgongo umegusa kiti. Mtu mwingine aushike mkono mahali mbalimbali katikati ya viti huku wewe ukifumba macho na kuunyoosha mkono wako. Pale kiganja kinapoangukia chenyewe ndipo pake. Kisha ingiza gia zote, moja moja, pamoja na rivasi. Kama gari ni la magurudumu manne, peleka na ule mkono mdogo wa pili kila nafasi. Kiti kisogeze mbele kabisa, halafu nyuma kabisa. Mkono ukiwa juu usikwaruze kiti wala kunasa mkanda.

Usiufunge kwenye lile bati la katikati linaloshikwa kwa skrubu juu ya giaboksi. Linavutia kwa sababu liko mahali panapofaa, lakini ni jembamba, linatikisika, na litatolewa kila giaboksi ikishushwa. Nenda nyuma yake, kwenye sakafu yenyewe.

Kwa sisi wa Burundi mkono wa katikati una faida ya ziada. Tunaendesha upande wa kulia, huku magari mengi yakija na usukani wa kulia yakitoka nchi zinazoendesha kushoto, na baadhi ya wenyewe huamua baadaye kuuhamisha usukani. Mpini wa dashibodi lazima uhame pamoja nao, na ukuta wa injini utobolewe tena upande wa pili. Mkono ulio katikati hauhami. Kama unafikiria kuhamisha usukani siku moja, fanya breki kwanza, na uuweke katikati hasa, usiuegemeze upande wa dereva wa leo.

Abiria wa tatu, hata hivyo, amepoteza nafasi yake. Kama gari lako linaishi kwa kubeba watu watatu mbele, usianze kazi hii. Tengeneza mpini wa zamani.

Bamba, bolti na tundu

Kabla ya kutoboa, ingia chini uangalie kuna nini: bomba za breki, bomba za mafuta, nyaya, giaboksi. Toboa tundu dogo la kuongozea kwanza, shuka ulitazame, ndipo upanue.

Chini ya sakafu weka bamba la chuma la milimita 4, pana kuliko kitako cha mkono kwa sentimita kadhaa kila upande, lililokunjwa kufuata umbo la sakafu. Bolti nne za milimita 8, zile zilizochongwa 8.8 kichwani, zipite kwenye mkono, bati na bamba, na kila moja ifungwe kwa nati ya kujibana. Kumbuka zile kilo 270: bila bamba bati litapinda kila unapovuta, na mwendo wa kebo utaishia kwenye kupinda huko. Kingo zote zilizotobolewa zipake rangi siku hiyo hiyo, maana kutu haichelewi.

Mimi napendelea bolti kuliko kuchomelea. Ukilazimika kuchomelea bamba, chomoa betri, toa zulia na povu lililo chini yake, hamisha au kinga bomba za mafuta, na mtu asimame na ndoo ya mchanga na kizimamoto. Pikapu huungua kwa cheche moja iliyoingia kwenye povu la kiti.

Kebo lazima ifungwe chini ya mhimili wa mkono, kwa sababu mkono ukipanda, sehemu iliyo chini ya mhimili ndiyo inayokwenda mbele na kuvuta kutoka nyuma. Hapo panahitaji tundu sakafuni. Livishe mpira, la sivyo vumbi la barabara na moshi wa ekzosi vitaingia kwenye kabini. Na tundu la zamani kwenye ukuta wa injini lizibe kwa bati na silikoni ya kuhimili joto.

Kebo

Kabini ya pikapu haijaungwa moja kwa moja na chesi. Imekalia mipira, na barabarani inacheza. Mkono umeufunga kwenye kabini, kisawazishi kiko kwenye chesi. Ukiviunganisha kwa ufito wa chuma au waya mtupu, kila kabini ikitikisika breki inavutwa na kulegezwa. Ndiyo maana kebo lazima iwe na ala yake, na ala ifungwe imara ncha zote mbili: moja kwenye kabini karibu na mkono, nyingine kwenye chesi mbele ya kisawazishi. Hapo kabini itacheza itakavyo na waya wa ndani hautajua.

Ipitishe mbali na ekzosi, angalau upana wa kiganja, na mbali na propela. Kona ziwe pana. Nusu kipenyo isipungue sentimita 15, kwani kona kali hula nguvu na kuikata kebo kutoka ndani. Ifunge kwa vibanio kila hatua ndogo. Kebo ya pikipiki usiikubali hata ukiambiwa ni mpya, haikutengenezwa kwa mvuto huu. Wala usikubali ncha iliyobanwa kwa vibanio vya skrubu. Ncha ibanwe kwa kichwa cha chuma kilichokandamizwa kwa mashine, na upande wa kisawazishi uwe na skrubu ndefu ya kurekebishia yenye nati mbili, ya pili ya kuifungia ya kwanza. Kebo mbili za nyuma ziache na ulegevu wake wa asili, kwa sababu ekseli hupanda na kushuka pamoja na springi.

Waya wa taa ya dashibodi uunge kwenye swichi mpya. Kwenye Toyota nyingi taa hiyo hiyo ndiyo inayoonya mafuta ya breki yakipungua, kwa hiyo ukiikata umejinyima onyo la pili.

Kuipima

Kaza kebo mpaka ulegevu uishe, basi. Mkono ukiwa chini kabisa, magurudumu ya nyuma yazunguke huru. Vuta: mkono wa katikati kwa kawaida unatakiwa kushika kati ya meno 5 na 9. Ukishika jino la pili, umekaza mno. Ukivuka 9, rudi kwenye viatu kabla ya kurudi kwenye kebo.

Nguvu ya mkono ipime kwa mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki. Nasa ndoano pale kiganja kinaposhika, vuta mizani mpaka gari lishike, soma. Kilo 20 hadi 30 ni za kuridhisha. Zikikaribia 60 kuna kitu kinakwama njiani.

Kinindo ni tambarare mno kwa jaribio la mwisho. Panda Kiriri, au barabara ya Ijenda juu ya Musaga, utafute kipande kisicho na magari. Mwinuko utaujua kwa ubao wa mita 1 na pima maji: ulaze ubao ukiwa sawa kabisa, ncha ya juu ikigusa barabara, na kama ncha ya chini imeachana na lami kwa sentimita 18, hiyo ni asilimia 18. Anza bila mzigo. Weka kabari nyuma ya magurudumu, zikiacha nafasi ya shubiri moja, zima injini, toa gia, vuta mkono, kisha achia pedali polepole. Ngoja dakika tano. Geuza gari liangalie chini, kabari zihamie mbele ya magurudumu, urudie, maana viatu havishiki sawa pande zote mbili. Halafu pakia. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja kamili. Rudia yote mawili, na watu wakae kando, si mbele wala nyuma ya gari.

Likisogea hata kidogo likiwa na mzigo, halijapita. Usijidanganye kwa kuacha gia au kuweka jiwe. Hizo ni nyongeza za breki inayoshika. Likipita, waeleze watu wa bima na wa kontroli tekiniki, yaani ukaguzi wa magari, kwamba breki imehamishwa, kabla hawajaligundua wenyewe.

Baada ya wiki ya kwanza ya kazi ingia tena chini: kebo mpya hunyooka na bamba hujikalia, kwa hiyo kaza bolti nne na uhesabu meno upya. Na usimkabidhi mtu mwingine gari hilo kabla hujamketisha kwenye kiti na kumwonyesha. Dereva aliyezoea mpini wa dashibodi, siku ya hatari ataunyoosha mkono kule kule alikozoea. Mwambie auvute mkono mpya mara kadhaa bila kuutazama, ndipo umpe ufunguo.